Kebo Iliyopita Katikati Yetu

Tulimzika Nathan Simiyu kwao Lugari, kando ya shamba la mahindi lililokuwa limevunwa majuzi, na mwendesha ratiba alipowaita waliofanya kazi na marehemu, nilisukumwa mgongoni na mkono nilioufahamu. Alikuwa Rosebella, zamani karani wetu, leo nyanya wa wajukuu wengi, aliyeketi safu ya nyuma yangu. Nikasimama, nikapewa maikrofoni. Nilisema Nathan alikuwa mwalimu hodari na mtu wa watu, Mungu ailaze roho yake mahali pema, nikarudisha maikrofoni na kuketi. Rosebella aliinama akaninong'oneza, "Ndiyo hayo tu, Luvembe? Hayo hata mtu wa kukodisha viti angesema." Nilikasirika, kama ninavyokasirika siku zote nikiambiwa ukweli mahali ambapo siwezi kupaza sauti. Wakati wa chakula nilienda kuketi mbali naye makusudi, mzee mzima nikimkimbia mwanamke kwa sababu ya sentensi moja. Njia yote ya kurudi Kakamega nilibishana naye kichwani, na kwa kuwa mpaka leo sijamshinda, nimeona niandike yale ambayo ningesema pale mbele kama ningekuwa na ujasiri. Ni habari ya mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao mimi na Nathan tulipewa kompyuta mbili tuzifanye ziongee, na sisi wenyewe hatukuwa tunaongea.

Kazi yenyewe ilikuwa katika chuo kidogo cha kompyuta, ghorofani, mtaa wa nyuma ya soko la Kakamega, juu ya duka la misumari na mabati. Mwenye chuo alikuwa Bwana Mukhwana, mtu wa vinu vya posho. Alikuwa na kinu Khayega na kingine kule Kabras, na alipoambiwa kwamba kompyuta ndiyo mashine ya siku zijazo, alishika neno mashine akaacha hayo mengine. Alinunua kompyuta zilizotumika, akazipanga katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa plaiwudi, akatundika mapazia mazito madirishani, akamwambia mkewe afume vitambaa vya kuzifunika. Kila kitambaa kilikuwa na ua jekundu katikati. Sheria ya kwanza ya chuo ilikuwa kuvua viatu mlangoni, kwa sababu mtu aliyemuuzia alimwambia vumbi ndilo linaloua kompyuta. Sasa, anayeijua Kakamega anajua mvua yake inavyokuja alasiri, karibu kila siku, bila kumwogopa mtu. Wanafunzi wa alasiri walifika miguu imelowa. Kwa hiyo mashine hazikupata vumbi, lakini sisi tulifundisha mwaka mzima ndani ya harufu ya soksi zisizokauka. Nilipomwambia Bwana Mukhwana kwamba vumbi la viatu halipandi hadi juu ya meza, alinitazama kwa huruma. "Mwarimu," akasema, "wewe umenunua ngapi?"

Ningeweza kuondoka, lakini niende wapi? Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kozi ya kupiga taipu. Kabla ya hapo nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la mbegu nikiandika risiti kutwa, na watu wakiniita kijana wa mbegu hata baada ya kuota ndevu. Chuo kilinipa kiti, ubao, na watu wa kuniita mwalimu. Hakukuwa na mlango mwingine mjini ambao mtu kama mimi angeingia na kuitwa hivyo, na nililijua hilo kila asubuhi nilipovua viatu. Nathan hakuwa na elimu ya juu kuliko yangu, ila alikuwa amesoma kozi fupi ya ufundi wa mashine huko Kisumu, na mikono yake haikutulia. Alikuwa na kifaa chake cha kulehemu alichokitunza ndani ya soksi safi. Yeye alifundisha chumba cha pili, namna ya kufungua kompyuta na kuifunga. Mimi nilifundisha chumba cha kwanza, na somo langu kubwa lilikuwa istilahi za mawasiliano ya data, kutoka kwenye karatasi zilizochapwa kwa stensili ambazo zilikuja na mashine.

Nilizifundisha karatasi zile kama zilivyokuwa. Nilisimama ubaoni nikasema data ya mfululizo ni ile inayopita biti moja nyuma ya nyingine kwenye waya mmoja, kama watu wanaovuka mto juu ya gogo, na kwamba kila herufi hutanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na biti ya kukomesha, ili upande wa pili ujue herufi imeanza wapi na imeishia wapi. Nilisema pariti ni biti ya ziada ya kukagua kama kuna kitu kimepotea njiani. Nilisema kasi hupimwa kwa baud. Wanafunzi waliandika, na nilipouliza walinirudishia maneno yangu mwenyewe. Kulikuwa na mmoja, Protus, kijana mrefu wa Malinya aliyependa kuketi nyuma. Siku moja nilimwambia asimame.

"Protus, modemu ni nini?"

"Modemu ni kifaa kinachogeuza ishara za kompyuta ziwe sauti, zipite kwenye waya wa simu, halafu kule mwisho kigeuze tena."

"Vizuri sana. Umewahi kuiona?"

"Hapana, Mwalimu. Wewe je?"

Nilimwambia akae. Lakini walikuwa wamekwisha kucheka, na nilipoona kicheko hakiishi nikatafuta mfano wa kuwanyamazisha. Nikawauliza, je, kwenu mtu anamsalimu mama mkwe wake kwa mkono? Wakasema hapana, hata kumtazama usoni hawezi. Na akiwa na neno la kumwambia? Anamtuma mtu. Basi, nikasema, huyo mtu ndiye modemu. Anachukua neno upande huu, analigeuza lifae kusikika upande ule. Walilielewa mara moja, na mimi nikajisifu siku nzima kwa mfano ule. Sikujua watanirudishia.

Siku hizo mimi na Nathan tulikuwa marafiki. Mchana tulikula kwenye korido, kwenye meza ya Rosebella, tukisogeza taipureta yake ukingoni. Rosebella alileta kunde, mimi nilileta chochote nilichobakiza jana yake, na Nathan alileta obusuma, ugali wa kwetu, baridi na mboga ya mrenda ndani ya kopo la siagi, akila upesi kama mtu anayeitwa. Mwisho wa mwezi alileta ingokho, kuku wa kienyeji. Alipokuwa na ingokho alitafuta imondo kwa vidole, ile firigisi ambayo kwetu hupewa mwanamume anayeheshimiwa, akaiweka kwenye kifuniko changu. "Mzee wa idara," alisema. Idara ilikuwa watu wawili. Nilikataa kila mara, na kila mara niliila.

Kilichotuharibu ni plaiwudi. Ukuta ule haukuzuia kitu. Mtu akikohoa chumba cha pili, wanafunzi wangu walisema pole. Adhuhuri moja nilikuwa nimebaki chumbani nikifuta ubao, na Nathan alikuwa upande wa pili na Rosebella, akitengeneza kibodi. Nilimsikia Rosebella akiuliza, "Kwani hiyo pariti mnayoimbanga kila siku ni nini?" Nathan akacheka. "Usimuulize Luvembe. Luvembe anafundisha kama kasuku. Atakwambia vile karatasi inasema, na karatasi ikipotea tunafunga chuo." Hakusema kwa ubaya. Leo naweza kuisikia sauti ile tena na nasikia utani mtupu, utani uleule ambao angenitania usoni. Lakini nilikuwa nimesimama na kitambaa cha chaki mkononi, na alilosema lilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachonitia hasira kama kweli iliyosemwa kwa kicheko. Mtu mwenye akili angepiga ukuta kwa ngumi na kusema, nimekusikia wewe mshenzi. Tungecheka, tungekula. Mimi niliendelea kufuta ubao. Kesho yake nilimsalimu Rosebella, nikawasalimu wanafunzi, nikamsalimu hata mtu wa kuleta maji, nikampita Nathan kama mlango. Alishangaa siku mbili. Alimuuliza Rosebella nimefiwa na nani. Siku ya tatu naye alianza kunipita, na hapo nikaona nilikuwa na haki tangu mwanzo.

Katika hali hiyo ndipo Bwana Mukhwana alipotuletea habari. Hospitali moja ya misheni nje ya mji ilitaka kompyuta ya stoo ya dawa iunganishwe na ile ya mapokezi, na msimamizi wake, Sista Imelda, alikuwa tayari kutupa kazi hiyo pamoja na kufundisha wafanyakazi wake, mradi kwanza aone kwa macho yake kompyuta zetu mbili zikiongea, moja chumba hiki na nyingine kile. Bwana Mukhwana alitukusanya koridoni. Alisema wanafunzi wamepungua, umeme unamla, na kuna mtu wa Eldoret anayetaka kununua mashine zote. "Zikiongea, tunaendelea. Zisipoongea, nauza, naweka kinu hapa juu, na nyinyi mtatafuta kwenu. Zinaongeanga kwa nini, hiyo si kazi yangu. Mimi nataka ziongee." Nilimtazama Rosebella. Nathan alitazama dari. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Kwa upande wa ufundi, haikuwa kazi ya kumshinda mtu. Nathan alitoboa plaiwudi kwa msumari alioutia moto, akapitisha kebo kutoka nyuma ya kompyuta yangu hadi nyuma ya yake, akalehemu pini mwenyewe. Alivukisha nyaya mbili, ule wa kusemea uende kwenye pini ya kusikilizia, maana mashine mbili za aina moja zote husemea pini ileile, na usipovukisha zinabaki zinasema bila ya kusikika. Kebo ilikuwa nzuri. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba kebo ndiyo ilikuwa mbovu. Kilichobaki ni kukubaliana. Kila upande ulitakiwa kuwekewa kasi ileile, idadi ileile ya biti, na pariti ileile. Mpangilio wenyewe haukuwa na maana kubwa. Wowote ungefaa, mradi uwe mmoja. Karatasi zangu zilisema kasi ndogo, biti saba, pariti shufwa. Nathan alikuwa amefundishwa Kisumu kasi kubwa, biti nane, bila pariti. Nikaweka yangu. Akaweka yake. Alipoandika neno zima huko kwake, kwangu kulitokea alama mbili tatu: mraba, moyo wa karata, na kile kichwa kidogo kinachotabasamu ambacho mashine za wakati ule zilikuwa nacho. Wiki baada ya wiki nilitazama kichwa kile kikinicheka. Nilikuwa nikijua sababu, naye alikuwa akijua sababu. Hilo ndilo linalonichosha hata sasa nikiandika. Hatukuwa wajinga.

Rosebella ndiye aliyebeba maneno. Nilimwita mlangoni. "Mwambie huyo mtu karatasi ya mashine inasema pariti shufwa." Aliondoka kwa miguu mizito, kwa maana alikuwa amekwisha kuchoka tangu mwanzo, akaingia chumba cha pili, na kupitia plaiwudi nikasikia, "Anasema karatasi inasema shufwa." Na Nathan, ambaye alikuwa amenisikia vizuri kabisa nikimwambia, alijibu kwa sauti ya kutosha mimi nisikie, "Mwambie karatasi haijawahi kushika waya." Rosebella akarudi. "Anasema..." "Nimesikia!" "Kama umesikia mimi nilikuwa natembea nini?" Wanafunzi waliacha kuandika ili wasikilize. Haikuchukua muda kabla Protus hajainua mkono katikati ya somo.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kati yako na Mwalimu Simiyu, ni nani mkwe?"

Darasa zima likalala juu ya kibodi kwa kicheko. Chumba cha pili nako walicheka. Nilimsikia Nathan mwenyewe akicheka. Tangu siku hiyo Rosebella alipewa jina la Modemu, na aliponisalimu asubuhi alinisalimu kama mtu anayenidai maisha yake. Mchana nilikula chumbani peke yangu, mgongo umeegemea plaiwudi, nikisikia kijiko cha Nathan kikigonga kopo upande wa pili. Mwisho wa mwezi nilinusa ingokho. Nilimsikia akimwambia Rosebella, "Chukua imondo basi, leo haina mwenyewe." Rosebella akasema, "Mimi mwanamke nile imondo? Unataka mama yangu anifukuze? Mpelekee mwenye yake, si hapo tu." Nilikaa na tonge mkononi nikisubiri miguu yake koridoni. Nadhani hata mimi ningeinuka kama angekohoa tu. Hakukohoa. Baadaye Rosebella aliitupa ile firigisi dirishani, na niliwasikia mbwa wa duka la mabati wakiigombea.

Sista Imelda alipanga kuja siku ya Jumatano. Jumanne jioni, wanafunzi walipokwisha kwenda, niliketi mbele ya mashine yangu nikafikiri juu ya duka la mbegu. Nilifikiri juu ya kaunta ile na vumbi la dawa ya mbegu puani. Nikaona afadhali nishindwe na Nathan kuliko nirudi kule. Nikabadilisha kasi, nikaweka yake, nikabadilisha biti, nikaweka nane, nikaondoa pariti. Ilinichukua muda mfupi kiasi kwamba niliona aibu. Lakini hata katika kushuka kwangu nilijiachia kiburi kidogo. Niliona kwamba mashine zikiongea kesho, Nathan hatajua kuwa ni mimi niliyehama, na mimi sitamwambia kitu. Nilipotoka nilimwambia Rosebella, aliyekuwa akifunga droo, "Nimehamia kwake. Usimwambie." "Sawa," akasema. "Mimi ni waya tu."

Jumatano asubuhi Sista alifika na mwavuli mweusi na viatu vya raba. Alivivua mlangoni bila kuuliza, akabaki na soksi za kijivu, na Bwana Mukhwana akamwonyesha vitambaa vyenye maua kana kwamba ndivyo vilivyokuwa kompyuta. Wanafunzi walijazana koridoni. Nathan alimkaribisha Sista chumba cha pili, akamwambia aandike chochote apendacho, kisha Bwana Mukhwana na nusu ya wanafunzi wakaja kusimama nyuma yangu kuona. Nilisikia vidole vya Sista vikitafuta herufi moja moja. Skrini yangu ikajaa. Miraba, mioyo, vichwa vinavyotabasamu, mstari baada ya mstari, wingi ambao sijawahi kuuona. Protus akasema polepole, "Sista ameandika nini hivyo?" Nilijua papo hapo. Zamani, yeye akiwa na kasi kubwa na mimi ndogo, neno zima lilikuwa likiniletea alama mbili tatu. Sasa herufi moja ililipuka kuwa nyingi. Maana yake yeye ndiye alikuwa na kasi ndogo. Alikuwa amehamia kwangu.

Hapo ningeweza kupaza sauti. Neno moja, kupitia ubao mwembamba kama kidole: kaa hapo. Badala yake niliinamia mashine nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kasi ndogo, biti saba, pariti shufwa, na wakati huohuo nikasikia kibodi ya Nathan ikigongwa mbio mbio, nisijiulize anagonga nini. Nikaandika karibu Sista. Upande wa pili Nathan akatoa sauti ya mtu aliyekanyaga moto. Yeye naye alikuwa ameelewa, na yeye naye alikuwa amerudi kwake.

Rosebella alikuwa amesimama koridoni, kati ya milango miwili, na nadhani alitusoma nyuso. Alianza na mimi. "Luvembe, umerudi kwako?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akageukia mlango wa pili. "Na wewe umerudi kwako?" Kisha akashika kiuno. "Mungu wangu! Huyu jana ananiambia amehamia kwa mwenzake, nisiseme. Huyu asubuhi ananiambia amehamia kwa mwenzake, nisiseme. Nikanyamaza, si mlitaka ninyamaze? Sasa mmehama tena wote wawili! Huu ukuta ni plaiwudi! Mnasikiananga mkitafuna! Mmoja akae, mmoja aseme, basi!"

Hakuna mwanafunzi aliyecheka. Bwana Mukhwana alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sista Imelda akatoka chumba cha pili akasimama koridoni karibu na Rosebella, ambapo aliweza kutuona wote wawili, mimi na Nathan, kila mmoja kwenye kiti chake, na ukuta katikati yetu. Hakuwa amekasirika. Alitupa nafasi, ninakumbuka hivyo vizuri kuliko kitu chochote cha mwaka ule. "Haya," akasema, "ni nani atasema?" Nikangoja Nathan aseme. Niliona ni yeye aliyeniita kasuku, aanze yeye. Nathan alingoja mimi, maana ni mimi niliyeanza kumpita bila salamu, na mpaka siku ile hakujua kosa lake. Tulingoja hivyo mbele ya watu wote hao, na chini dukani mtu alikuwa akihesabiwa mabati. Kisha Sista akainama akavaa viatu vyake. "Kama walimu wawili wa nyumba moja hawaambiani," akamwambia Bwana Mukhwana kwa upole, "dawa zangu zitaambiana vipi?" Akashukuru kwa kukaribishwa. Bwana Mukhwana alimsindikiza, na aliporudi alitazama mashine zake moja moja, si sisi. "Kinu kinapiga kelele," akasema, "lakini hakinunangi."

Mtu wa Eldoret aliambiwa aje Jumamosi. Wanafunzi waliahidiwa kurudishiwa karo yao, na sina hakika kama walirudishiwa. Rosebella alipata kazi kwa wakili. Mimi nilirudi duka la mbegu nikakaa huko mpaka nikazeeka, na Nathan alikwenda kwao Lugari akafundisha shule ya msingi, akapendwa sana na watoto, kama walivyosema wenzake pale mazishini. Tulionana mara kadhaa katika miaka hiyo yote, sokoni, harusini. Tulisalimiana. Mulembe, mulembe muno. Watoto hawajambo? Mahindi vipi? Alikuwa ananitazama baada ya salamu kuisha, akingoja kidogo, na mimi nilikuwa natazama saa. Siku hizi naona watu wakiweka simu zao mezani na simu zinajiunga zenyewe na kila kitu kilicho karibu, bila mtu kuulizwa lolote, na hasira inanipanda mpaka watu wa nyumbani wananiuliza simu imenikosea nini.

Kuna jambo moja ambalo Rosebella halijui, na ndilo ningepaswa kulisema kwenye maikrofoni. Ijumaa, siku moja kabla mashine hazijachukuliwa, nilikuwa chumbani peke yangu nikizifunika kwa vile vitambaa. Nilikuwa bado sijaizima yangu. Ilikuwa vilevile nilivyoiacha Jumatano, ikiwa na mpangilio wangu, ule wa karatasi. Mvua ilikuwa imeanza. Skrini ikaandika, herufi baada ya herufi, safi, bila mraba wala moyo: LUVEMBE TWENDE CHAI.

Nilisimama na kitambaa mkononi. Ili maneno yale yafike mazima hivyo, ilikuwa lazima Nathan awe amehamia kwangu tena, safari hii peke yake, na akakaa huko. Upande wa pili wa plaiwudi kiti chake hakikulia hata kidogo. Alikuwa akingoja. Niliketi nikaweka vidole juu ya kibodi. Neno moja tu lilitosha, hata herufi moja. Nikafikiri, sasa chuo kimekwisha ndipo anakuja? Nikafikiri ataona nilikuwa nikimtamani. Nikakumbuka kasuku. Nikapeleka mkono nyuma ya mashine nikaizima, na mwanga wa skrini ukajikusanya ukawa nukta katikati, nukta ikaisha. Nathan lazima alisikia swichi ile. Alikaa bado kwa muda, kisha kiti kikalia, nikamsikia akivaa viatu mlangoni taratibu, kamba baada ya kamba, akashuka.

Nilimpa nafasi aende zake, ndipo nikatoka na mwavuli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ya chai yenye dirisha kubwa, na mvuke ulikuwa umelifunika kioo isipokuwa mahali ambapo mtu alikuwa amepafuta kwa kiganja. Nathan alikuwa ameketi hapo, akitazama mlango wa jengo letu. Mbele yake kulikuwa na kikombe. Upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu, kulikuwa na kikombe kingine, na alikuwa amekifunika kwa kisahani ili chai isipoe. Nikashusha mwavuli usoni nikapita.